Presha ya Kushuka

Bi Thuweiba ameliegesha Patroli lake rangi ya tende
chini ya bati la karakana yangu, sanaiya ya Ibra.
Saa nne asubuhi, na bati tayari linalia kwa joto.

"Muhanna mwanangu," kwa Kiswahili chake cha Buyenzi,
"asubuhi linaitika wito mmoja.
Adhuhuri, nikitoka sokoni, nazungusha, nazungusha,
linakohoa tu.
Wamenibadilishia pampu mara mbili.
Wa kwanza hakulipima. Wa pili hakulipima.
Mimi nimefanya unesi miaka thelathini na moja,
hatukumpa mtu dawa kabla ya kumfunga mkono."

Sina la kujibu. Naitoa geji kisandukuni,
kioo chake kina ufa tangu mwaka wa mafuriko,
naifunga kwenye reli, kitambaa chini,
petroli inachuruzika kidogo,
ile harufu inayopanda moja kwa moja hadi kwenye paji la uso.
"Biju, swichi."
Pampu inaguna huko nyuma, sekunde mbili, inanyamaza.
Mshale kwenye tatu.
"Zima."

Bi Thuweiba ameishika saa yake ya kifuani,
ile inayoning'inia kichwa chini.
Dakika ya kwanza, mbili na nusu.
Ya tatu, mbili kasoro.
Ya tano, moja, na mshale bado unateremka
kama mzee anayeshuka ngazi bila kushika ukuta.
"Presha ya kushuka," anasema,
wala hacheki.

Naviringisha kitambaa kwenye meno ya koleo,
naubana mpira wa kurudi. Swichi. Tatu. Zima.
Inashuka vilevile.
Basi regyuleta hana kosa,
na mimi nilikwisha kumhukumu tangu jana kwenye simu,
bei yake nimeipiga hesabu kichwani. Astaghfirullahi.

Tena. Swichi. Tatu,
na kabla pampu haijamaliza kuguna
naubana mpira wa kuja, ule utokao tangini.
Mshale umesimama
kama kidole cha tahiyatu.
Dakika tano. Kumi.
"Bado?" anauliza Biju,
neno lake la kwanza la Kiswahili, halali kwa kila jambo.
Nozeli nazo zimesalimika.
Ugonjwa uko nyuma, ndani ya tangi,
pale pale mafundi wawili walipoingia wakatoka.

Tunafunua zulia la nyuma:
punje za mchele, tasbihi iliyokatika,
kiatu kimoja cha mjukuu.
Mfuniko unatoka. Pampu mpya, inang'aa.
Lakini kati yake na mfuniko kuna kipande cha mpira,
urefu wa kidole, mpira wa nje
uliotumbukizwa uishi ndani ya petroli.
Umevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.
Nikiukunja, unafungua mdomo.

Pampu mbili, riyali sitini na nne.
Kipande hiki, baisa mia saba,
ukiomba ule ulioumbwa kulowa.

Bi Thuweiba anaufunga ule mbovu kwenye leso,
atawapelekea wenyewe.
Tunapima tena. Tatu.
Tunakunywa kahawa, halua inatuganda vidoleni.
Tatu kasoro kidogo sana. Inakubalika.

"Leta mkono," anasema,
na mkoba wake unatoa mashine.
"Mimi mzima, Bi Thuweiba."
"Hata pampu ilikuwa nzima."

Biju ananikunja shati lenye grisi.
Mashine inaguna, inanibana, inanyamaza.
Hasomi kwa sauti. Anachukua kalamu yangu,
na kwenye kadi ya kazi, chini ya namba ya Patroli,
anaandika: mia na sabini na mbili, juu ya mia na nne.
"Hii yako si ya kushuka."

Lori linapita nje, vumbi linaingia, linatulia juu ya halua.
Geji bado iko kwenye reli.
Biju ananiuliza kwa macho kama aifungue.

Bado, namwambia.